Uso wa Yule Aliyelala

Thallusa alipofika kwenye karakana ya Zenas alimkuta Celsus ameshatangulia, na kabla hajashusha ushungi alijua mtoto huyo wa kambo amekuja kumpokonya kitu.

Celsus alikuwa amesimama mbele ya jeneza la baba yake, amevaa joho jeusi la msiba, mikononi ana kitu kilichofungwa kwa kitani, amekipakata kama kichanga. Hakusalimia. Zenas, mchongaji, alikuwa amekaa kitako juu ya kipande cha marumaru anatafuna dengu za kukaanga. Misiba aliyoiona ikigeuka ugomvi ndani ya karakana ile ilikuwa mingi, na yote ilianza hivi hivi, kwa watu kutosalimiana.

"Mwenzako amekuja na sura," Zenas akamwambia Thallusa.

"Na mimi nimekuja na yangu," Thallusa akajibu. "Ninayo hapa, imeshikana na shingo."

Jeneza lenyewe lilikuwa kazi ya kuringia. Lilikuwa la marumaru, na upande wa mbele wote ulijaa watu wa kuchongwa. Bakus, mungu wa mvinyo, kijana asiyeota ndevu, alikuwa anashuka kwenye gari linalovutwa na chui. Nyuma yake wafuasi wake: wanawake wanapiga matari na matoazi huku nguo zinawavuka mabegani, majamaa wenye miguu ya mbuzi wanaruka ovyo, na mmoja wao amepiga teke kikapu ambamo nyoka anachungulia kuona nani kamwamsha. Kulia kabisa alikuwepo mzee Sileno, aliyemlea huyo mungu, mnene, ana kipara, kalewa chakari, vijana wenye mikia wamemshika makwapa asianguke. Na katikati, chini, mbele ya miguu ya mungu, amelala Ariadne. Mpenzi wake amemtoroka ufukweni akiwa usingizini, tanga limeshapotea, naye hajui. Hajui pia kwamba huyu anayeshuka garini atakuwa mume bora kuliko yule aliyekimbia.

Vyote hivyo vilikuwa vimekwisha na kusuguliwa hadi vinang'aa, isipokuwa kichwa cha huyo aliyelala. Hapo paliachwa bonge la jiwe, butu kama boga. Ndiyo kawaida ya mafundi wetu. Kichwa cha Ariadne hakiguswi mpaka jeneza lipate mwenyewe, kisha huchongwa sura ya mke wa nyumba ile, ili kila apitaye kaburini ajue aliyeolewa ni nani. Lile bonge ndilo lililowaleta wote wawili asubuhi ile.

Marehemu Pudens, muuza mvinyo, alikuwa ameshalimaliza suala hilo majira ya joto yaliyopita, au alidhani amelimaliza. Alikuja na Thallusa mkononi, akaweka kiganja chake kinene juu ya bonge lile, akasema, "Hapa atakaa huyu. Mchonge vizuri, fundi, maana akinuna sina pa kukimbilia." Zenas akamwuliza kama anataka sura yake mwenyewe awekewe mungu, kama wanavyofanya wengine. Pudens akajipiga tumbo. "Mungu mwachie uzuri wake. Mimi nichonge yule mzee mlevi. Wateja wangu wakipita wanijue." Kisha akamwambia apime ndani watu wawili walale bila kubanana, kwa sababu yeye kitandani hujitandaza, na mke wake alikwisha kulalamika vya kutosha duniani. Thallusa alicheka mpaka akashika mbavu.

Sasa Pudens alikuwa ukumbini kwake, amepakwa mafuta ya mwerezi, miguu imeelekea mlangoni. Baridi ilisaidia, lakini maiti haimsubiri fundi.

Celsus alikuwa ndiyo kwanza amemwona yule Sileno. Alisogea, akainama, akatazama pua, akatazama kipara.

"Nani amemfanya baba yangu hivi?"

"Mwenyewe," Zenas akasema.

"Mlevi? Kaburini?"

"Aliniletea mtungi wa mvinyo mwekundu wa Setia ili tumbo nisilipunguze. Sikulipunguza."

Thallusa aliuma mdomo asicheke. Alimpenda mume wake, na tangu afe hakuna kitu kilichomfariji kama tumbo lile la jiwe.

Sisi watu wa Ostia hatuoi wawili kwa mpigo. Lakini mke aliyekufa naye hahesabiwi kuwa ameondoka, hasa akiwa ameacha mtoto wa kiume. Mke wa kwanza wa Pudens alikuwa Plotia, binti wa wenye meli, mwanamke mrefu, mkali, na mji mzima ulimjua kwa nywele zake. Wakati ule wanawake wakubwa walipandisha nywele juu ya paji, misokoto juu ya misokoto, na ya Plotia ilizidi yote; alipoingia mlangoni nywele zilitangulia, yeye akafuata. Mnara ule ulikuwa kazi ya mikono ya Thallusa. Alinunuliwa bandarini akiwa mtoto mdogo, hajui ametoka wapi, akafundishwa kazi moja tu, kichwa cha bibi yake. Asubuhi alikijenga kwa chuma cha moto, sindano na uzi. Usiku alikibomoa. Plotia alipoanza kuugua alimwacha huru mbele ya mashahidi, na mwaka haukuisha akafa. Pudens alikaa na ukiwa wake, akachoka nao, akamwoa Thallusa.

Unajua watu. "Ameanza na kichwa cha bibi, amemalizia na kitanda chake," walisema sokoni. Thallusa alipoisikia kauli hiyo aliirudia yeye mwenyewe mbele ya wateja, kwa sauti, akacheka kuliko wote, na baada ya hapo haikumnogea mtu tena.

Ila jambo moja halikuwa la kuchekea. Hakuwa na ukoo. Hakuwa na jina la baba, wala kaburi la nyanya la kupeleka maua, wala sanamu ya mtu hata mmoja ukutani. Uso ule wa jiwe ungekuwa wa kwanza. Ukichongwa wake, alikuwa mke, na atabaki mke hata waliomjua wakiisha. Ukichongwa wa Plotia, basi yeye alikuwa mjakazi aliyepanda kitanda, na kesho keshokutwa watu watasema hata nafasi ya ndani ni ya mwenye uso. Kwa hiyo alikuja asubuhi, ameshiba mkate na jibini, na hakukusudia kuondoka bila uso wake.

Celsus akafungua kile kitani. Ndani ilikuwa sanamu ndogo ya nta, iliyopakwa rangi: Plotia, shingo imenyooka, mnara wa nywele umekamilika.

"Sura ndiyo hii," akasema. "Mama yangu. Anza leo."

Zenas alijipangusa mikono, akachukua bikari. Akapima nta, akapima bonge, akapima tena. Akasugua kidevu.

"Haiingii."

"Nini haiingii?"

"Nywele. Bonge hili nililiacha kwa ajili ya vichwa vya siku hizi, nywele za mawimbi, kifundo kisogoni. Mama yako amebeba mzinga wa nyuki. Nikiuingiza mzinga, uso utabaki kama wa sungura."

"Ongeza jiwe."

"Jiwe si unga, bwana wangu, useme limepungua. Kazi yangu mimi ni kupunguza tu."

"Basi sogeza huo mkono ulio juu ya kichwa."

"Mkono umekwisha. Nikiukata, mungu amesafiri kote huko kuja kuoa kilema." Zenas akatema ganda la dengu. "Nitamchonga bila mnara. Nywele zimelala tu."

"Bila nywele hizi si mama yangu," Celsus akasema. "Sijawahi kumwona bila nywele hizi. Hakuna aliyewahi."

Zenas akamtazama Thallusa kwa pembe ya jicho. Thallusa akatazama dari, kana kwamba pale juu kuna jambo la maana sana.

"Asiyekuwepo na lake halipo," hatimaye akasema, kwa upole. "Si mimi niliyeamua, Celsus. Jiwe limeamua. Nenda nyumbani ukapumzike, wageni wa matanga wataanza kufika."

Hapo Celsus akapandwa na mori. "Furahi. Ulikuwa unamsubiri afe. Ulimsimamia nyuma miaka yote na kitana chako, unahesabu siku."

"Nilimsimamia nyuma na chuma cha moto," Thallusa akasema, "na shingo ya mama yako ilikuwa hapa, mbele yangu, kila asubuhi ya Mungu. Ningetaka afe asingefika kwenye arusi yako." Akakunja mkono wa nguo. Kwenye mkono, chini kidogo ya kiwiko, palikuwa na kovu dogo, la duara. "Unaliona hili? Pini yake ya nywele. Siku hiyo niliunguza msokoto mmoja. Kesho yake nilimtengeneza tena, na alipendeza. Kwa hiyo usinifundishe mama yako alikuwa nani. Wewe ulikuwa unaletwa na yaya kumsalimia akiwa amekwisha kujengwa."

Celsus alikaa chini juu ya jiwe lililokuwa karibu, sanamu ya nta mapajani, na jinsi alivyokaa, huyu mwanamume mwenye ndevu na watoto wawili, ilikuwa kama mtoto aliyesahauliwa na wenzake mchezoni. Thallusa aliona, akageuza macho. Ushindi ulikuwa wake na hakutaka kuuharibu.

"Tuanze, fundi. Nikae wapi?"

"Usikae. Lala," Zenas akasema. "Uso wa mtu aliyelala si uso wa aliyekaa, mashavu yanateremka. Lala pale kwenye benchi kama Ariadne, nikuone."

Thallusa akavua ushungi. Kwa ajili ya msiba nywele zake zilikuwa zimefumuliwa, zimemwagika mabegani, na nyingi zilikuwa na mvi. Akapanda kwenye benchi, akajilaza chali, akaugeuza uso upande, akainua mkono wa kulia akauzungusha juu ya kichwa, vidole vikaning'inia. Kinywa akakiacha wazi kidogo. Aliyafanya yote hayo mara moja, bila kuitazama sanamu, bila kujisahihisha.

"Ajabu," Zenas akasema. "Kama vile ulikuwa unalala hivi tangu utotoni. Mumeo alikuwa na raha, mke hachukui nafasi."

"Mimi nalala nimejikunja," Thallusa akasema, macho yamefumba. "Kama paka penye majivu. Hata akijitandaza vipi, yeye..."

Alifumbua macho, akautazama mkono wake mwenyewe unaoning'inia. Hakuwahi kulala hivyo hata siku moja. Yeye alilala kwenye mkeka miguuni pa kitanda cha bibi, amejikunja, sikio moja halilali, kwa maana wakati wowote ungesikia jina lako. Aliyelala hivi alikuwa mwingine. Alipokwisha kufumuliwa ule mnara, na pini zote zimewekwa kwenye sahani, na kichwa kinamuuma kwa uzito wa kutwa nzima, Plotia alijitupa chali, akauzungusha mkono juu ya kichwa kilichokuwa hatimaye chepesi, akageukia upande wa taa. Thallusa alimtazama kila usiku kabla ya kuizima. Mkali yule, akilala, alikuwa na uso wa msichana ambaye hajakosewa na mtu.

Akageuka kulitazama jeneza. Kuanzia kidole cha mguu mpaka kwenye kiwiko, jiwe lile lilikuwa Plotia. Mchongaji hakumjua, Pudens hakugundua. Lilikuwa limemsubiri pale tangu majira ya joto, na yeye Thallusa alisimama mbele yake akicheka.

Akahisi hasira, na tutasema kweli, hasira ilikuwa nyingi. Hata leo? Hata baada ya kufa, na mimi nimekuwa mwanamke huru, nimesimamia ghala, nimefiwa na mume, bado mwili wangu unamtumikia? Kisha hasira ikapungua, na chini yake akakuta kitu ambacho hakukitarajia. Alikuwa amemkumbuka. Alimkumbuka bibi yake, pamoja na pini na yote, na hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyebaki wa kumkumbuka hivyo.

Aliinuka, akashuka kwenye benchi.

"Nipe udongo, fundi."

"Udongo wa nini?"

"Wa kufinyangia kichwa. Si unao hapo kwenye beseni?"

Zenas akampa bonge la udongo, akarudi kukaa. Thallusa akakunja mikono yote miwili ya nguo, akaloweka vidole. Alianzia kisogoni, kwa sababu miaka yote alisimama nyuma. Mikono yake ilikijua kichwa kile kuliko macho; ilijua pale kilipobonyea nyuma ya sikio la kushoto, ilijua njia ya nywele. Kisha akakizungusha, akashuka mbele. Akafanya paji, dogo, la chini, karibu halipo. Akafanya sikio lenye tundu lililochanika kwa uzito wa hereni. Akaacha mdomo wazi kidogo. Nywele akazimwaga upande, juu ya bega, zimechoka kama mwenyewe.

Celsus alikuwa amesimama muda mrefu. Aliutazama udongo ule, akaitazama nta, akaurudia udongo.

"Hana paji," akasema.

"Hakuwa nalo. Mnara ulikuwa wa nini, unafikiri? Aliona haya. Aliniambia nikimwambia mtu atanikata ulimi, na leo nimesema." Thallusa akajipangusa. "Jishike usoni, Celsus."

Celsus akainua mkono, akajishika juu ya nyusi, pale ambapo nywele zake zilianzia mapema kuliko za watu wengine, jambo alilotaniwa nalo tangu shuleni. Mkono ukabaki hapo hapo. Machozi yakamtoka bila yeye kuyazuia, akayaacha.

"Alikuwa anakoroma?" akauliza baadaye kidogo.

"Kidogo. Na asubuhi anakana."

Akacheka huku analia, na Zenas akajifanya anatafuta tindo chini ya benchi.

"Mbona unampa?" Celsus akasema. "Ulikuwa umeshinda."

"Kwa sababu huyu si mimi. Kwa baba yako sikuona haya hata kidogo, nilimkuta peke yake nikamfaa na akanifaa. Lakini hapa nikijilaza, nimelala mahali pake na yeye yuko mlangoni anatazama. Sipendi kulala nikitazamwa." Akavaa ushungi wake, akaukaza. Sauti ikabadilika, ikawa ile ya ghalani. "Lakini tuelewane. Uso ni wake. Ndani ni kwangu. Baba yako alipimisha ndani watu wawili, na wa pili alikuwa mimi, nimesimama pale alipo fundi. Mama yako alichomwa kama walivyochomwa watu wa kwao, ana chungu chake kwenye kaburi la baba yake, amezungukwa na vyungu vya jamaa zake hadi darini. Mimi sina jamaa. Nafasi ile simwachii mtu, awe hai awe majivu."

Celsus aliifunga sanamu ya nta katika kitani chake, taratibu, akatoka.

"Umempa uso," Zenas akasema, "na yeye hata neno hakukupa."

"Atalitoa."

"Na asipolitoa?"

"Nitalifuata kwake. Anza kazi, fundi, maiti haisubiri."

Siku ya maziko jua lilikuwa kali licha ya baridi. Walivuka mfereji, wakafuata barabara ya makaburini, wapiga filimbi mbele, na nyuma yao nusu ya Ostia, maana Pudens alikuwa amemwuzia kila mtu mvinyo na wengi wao alikuwa amewaonjesha bure. Jeneza lilikuwa limeshatangulia kwa mkokoteni, limewekwa ndani ya kaburi mahali pake, kifuniko kimeegemezwa pembeni.

Watu waliingia wakilia kama inavyopasa. Kisha mmoja akamwona Sileno. "Jamani, huyu si Pudens?" Mwenzake akainama, akatazama tumbo. "Ndiye. Mshikeni vizuri nyie vijana, asije akatuangukia." Kicheko kikapita ndani ya kaburi lile, wanawake wakicheka na machozi mashavuni, na aliyekuwa hajalia akapata sababu. Hata Celsus alitabasamu. Thallusa alimwona.

Yule aliyelala hawakumtambua. Vikongwe waliokaa meza moja na Plotia maisha yao yote walimkodolea macho wakatikisa vichwa. Amepoa mno, walinong'ona, nywele zimelala, ni nani huyu? Mmoja wao, mwenye ulimi, akamgeukia Thallusa. "Tulisikia utakuwa wewe. Kulikoni tena? Wamekunyima?"

"Huyo amelala, shoga," Thallusa akasema. "Mimi unaniona niko macho."

Lakini moyoni hakuwa ametulia kama ulimi wake. Maana Celsus alikuwa amekuja na kitu chini ya joho, na upepo ulipolifunua kidogo Thallusa aliona mdomo wa chungu cha kioo cha kijani. Alikijua. Alikuwa ameyatia majivu ya Plotia humo kwa mikono yake, akayamwagia mvinyo kwanza yapoe. Kwa hiyo ameamua kuyaingiza, Thallusa akawaza. Amechukua uso, sasa anachukua na ndani. Alipiga moyo konde. Hakupanga kupiga kelele mbele ya maiti, ila alijua kwamba akiona mkono ule unaingia jenezani, atapiga.

Wabebaji wakamwinua Pudens, wakamshusha. Alikuwa mzito na wao walikuwa na haraka, wakamwacha katikati kabisa, mabega yamejaa upande huu na upande huu. Jeneza la watu wawili likawa la mtu mmoja.

Celsus akasogea. Akakitoa kile chungu. Akapiga magoti mbele ya jeneza, nje, akakiweka chini sakafuni, usawa wa uso ule wa jiwe, karibu kiasi cha kugusana. Akakaa hivyo kitambo, kama mtu anayewakutanisha ndugu wawili waliopoteana. Mwenye kumtazama vizuri angeona mapaji matatu, la jiwe, lake, na la binti yake mdogo aliyesimama ameshika joho lake, na yote yalikuwa paji moja.

Kisha akakichukua chungu, akampa binti yake. "Kishike vizuri. Tukitoka hapa tunamrudisha bibi kwao."

Akasimama, akatazama ndani ya jeneza.

"Msogezeni baba ukutani," akawaambia wabebaji. "Hapo pana mtu."

Wabebaji wakatazamana, hawakuelewa. Celsus hakuwangoja. Akapanda kwenye ukingo wa jiwe, akashika sanda kwa mikono miwili, akavuta, na Pudens akateleza hadi ukutani, taratibu, bila kupenda, kama alivyosogea siku zote. Upande wa pili ukabaki mtupu, na marumaru yake yalikuwa safi.

Celsus akamgeukia Thallusa. Tangu aolewe na baba yake hakuwahi kumwita kwa jina lolote zaidi ya lile alilonunuliwa nalo.

"Mama," akasema, "inatosha?"

Thallusa akaja, akasimama kando yake, akachungulia. Alichukua muda wake, kama anayekagua ghala. Kila mtu alikuwa anangoja.

"Mvute kidogo tena," akasema. "Nimenenepa."

Celsus akainama, akamvuta kidogo tena.